Trauti wa Mathioya na Klabu Isiyomiliki Mto

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 62, inaihesabu mito kuwa sehemu ya ardhi ya umma, na Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaziweka rasilimali za maji mikononi mwa Serikali ya Kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo klabu ndogo ya uvuvi ambayo mimi ni mwanachama wake, na ambayo kambi yake iko kando ya mto Mathioya Kaskazini katika kaunti ya Murang'a, haiumiliki mto huo wala trauti waliomo, samaki wa maji baridi tunaowafuata huko. Ilicho nacho ni kipande cha ardhi ya kukodi, nyumba ya mbao yenye meko, njia nyembamba inayofuata ukingo, daftari la kuandikia samaki na mlinzi wa mto anayelipwa kwa ada zetu. Rafiki zangu wa Nairobi huniuliza tunalipia nini basi, ikiwa maji ni ya kila mtu na kila mvuvi anatakiwa kuwa na leseni yake ya serikali. Swali hilo ni la haki, na nimeishi nalo muda mrefu kiasi cha kutaka kulijibu kwa urefu.

Mfano wa klabu za namna hii ulitoka Uingereza, ambako sheria humpa mwenye ukingo haki ya kuvua katika maji yanayopita mbele ya ardhi yake. Klabu ya Houghton, iliyoanzishwa mwaka 1822 katika mji mdogo wa Stockbridge kando ya mto Test, imejulikana kwa muda wote huo kwa uchache wa wanachama wake na kwa ukali wa kanuni zake. Walowezi waliokuja katika nyanda za juu za Kenya walikuja na desturi hiyo nzima: vipande vya mto vyenye namba, daftari, mlinzi, na mlango uliofungwa. Tuliirithi desturi hiyo pamoja na samaki wenyewe, na si kila tulichorithi kinafaa kuendelea kuwepo.

Samaki nao waliletwa. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyekuwa amejulikana kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka ziwa la Loch Leven huko Uskoti, na vifaranga vyake vikaachiliwa katika mto Gura, katika milima ya Aberdare ambayo wenyeji wake huiita Nyandarua. Ukiiangalia ramani utaona ugumu wa kazi hiyo. Yai la trauti hufa likipata joto, na mayai hayo yalilazimika kuvuka bahari hadi Mombasa, kupanda reli iliyokuwa bado changa, kisha kubebwa mabegani na wapagazi hadi kwenye baridi ya mlima. Majina ya wapagazi hao hayakuandikwa popote ninapopajua, ijapokuwa bila wao pasingekuwa na samaki hata mmoja wa kumzungumzia. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, samaki ambao asili yao ya mbali zaidi ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki upande wa Amerika Kaskazini. Leo jamii zote mbili zinaishi katika mito ya Aberdare na ya Mlima Kenya, na mvuvi huzitambua mara moja: wa kahawia ana madoa mekundu yaliyozungukwa na duara jeupe, ilhali mwenzake ana mkanda wa waridi ubavuni na madoa meusi hadi kwenye mkia.

Ninapomwita trauti wa Mathioya samaki wa porini sina maana kwamba ni wa asili ya hapa. Nina maana kwamba amezaliwa mtoni, katika changarawe, na mama aliyezaliwa mtoni. Jike huchimba shimo kwa kupiga mkia chini, hutaga mayai yake, dume huyarutubisha, kisha jike hulifunika shimo kwa mawe madogo na kwenda zake. Katika maji ya nyuzi joto 10, mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya takriban siku 30, na katika muda wote huo yanategemea maji safi yapite kati ya mawe yakiwa na hewa ya kutosha. Tope laini likitanda juu ya changarawe hiyo, mayai hukosa hewa na kufa bila mtu yeyote kuona. Ndiyo maana tuko kwenye ikweta na bado tuna samaki wa nchi za baridi: mwinuko wetu ni zaidi ya mita 2,000, msitu huyafunika maji yasipate jua kali, na mizizi ya msitu huo huushikilia udongo. Ondoa moja kati ya hayo matatu na trauti ataondoka. Serikali inacho kituo cha kuzalisha vifaranga huko Kiganjo karibu na Nyeri, na mito mingine hujazwa kutoka huko, lakini sisi tumechagua kutoongeza samaki katika kipande chetu ili idadi yao iwe ushahidi wa hali ya maji. Wakipungua, tunataka kujua.

Sasa niueleze uvuvi wenyewe, kwa maana wengi wanaosoma hapa wamezoea ule wa ziwani au wa pwani. Katika uvuvi wa kawaida wa ndoano, uzito wa chubwi au wa chambo ndio unaouvuta mshipi kwenda mbali. Hapa ndoano imevishwa manyoya na nyuzi hadi ikafanana na mdudu, na uzito wake ni mdogo mno, hivyo haiwezi kuuvuta mshipi. Mzito ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na umepakwa plastiki ili uelee, na mvuvi huurusha kwa ufito mrefu unaopinda na kunyooka. Mwishoni mwa mshipi hufungwa uzi mwembamba usioonekana kwa urahisi majini, na kwenye ncha ya uzi huo ndipo anapokaa inzi bandia. Ufito wangu ni mfupi na mwepesi, kwa sababu Mathioya huku juu ni mwembamba na matawi yameinama pande zote mbili. Mtu aliyejifunza kurusha mshipi kwenye uwanja wa nyasi, akiupeleka nyuma kwa madaha kabla ya kuurudisha mbele, atatumia asubuhi yake yote kung'oa ndoano kwenye miti. Mtoni petu mshipi huachwa ulale juu ya maji mbele yako, kisha huviringishwa kwenda mbele kwa pigo moja la mkono, bila kurushwa nyuma hewani.

Kabla ya kurusha, kuna kusoma maji, na hapo ndipo penye elimu yenyewe. Trauti hukaa akiuelekezea mkondo uso wake, kwa kuwa chakula chake chote huletwa na mkondo, na hapendi kupoteza nguvu kupigana na maji ya kasi. Hutafuta mahali ambapo maji yametulia kidogo kando ya maji yanayokimbia: nyuma ya jiwe kubwa, chini ya ukingo uliomomonyoka, kwenye mstari ambapo povu linakusanyika kabla ya kilindi. Kwa sababu ameelekea juu, mvuvi humwendea kutoka chini, akipanda mto polepole, na kwa sababu mwanga unapoingia majini hupinda, samaki huuona ulimwengu wa nje kupitia duara moja tu lililo juu ya kichwa chake. Aliyesimama wima ukingoni huonekana mapema; aliyeinama, akajificha nyuma ya gogo, hupata nafasi. Miguu nayo husikika. Mawe yanayogongana chini ya viatu hutuma mtetemo ambao samaki huuhisi kwa mstari wa neva ulio ubavuni mwake, na ukishamshtua huna haja ya kuendelea kurusha mahali hapo kwa muda mrefu.

Mlinzi wetu wa mto ni mzee mwenye shamba la chai upande wa pili wa bonde, na ndiye aliyenifundisha mengi kuliko mwanachama yeyote. Siku aliponiona nikifungua kisanduku changu na kuhangaika kati ya inzi wa rangi nyingi, aliniambia, "Mwanangu, geuza jiwe kwanza." Niligeuza jiwe, na chini yake palikuwa na vijidudu vyembamba vyenye mikia kama nywele, vingine vilivyojijengea vijumba vya mchanga, na mabuu meusi ya visubi yaliyong'ang'ania upande uliopigwa na maji. Katika nchi zenye majira manne wadudu wa aina moja hutoka majini kwa maelfu katika wiki ileile ya mwaka, na mvuvi hulazimika kuwa na inzi anayefanana nao barabara. Mito ya ikweta haina kalenda hiyo. Wadudu hutoka kidogo kidogo mwaka mzima, kwa hiyo samaki wetu hula chochote kilicho kidogo, cheusi na kinachoonekana kuwa hai. Ndiyo sababu inzi anayeitwa Kenya Bug, ambaye si kitu zaidi ya mwili mweusi wa uzi na manyoya machache ya kuwakilisha miguu, ameendelea kuaminiwa hapa kuliko mapambo yote ya madukani, na amewafikia hata wavuvi wa Afrika Kusini.

Inzi akishatua, kazi inayobaki ni kumwacha aende kwa mwendo wa maji. Jambo hilo linasikika kuwa rahisi, lakini kati yako na samaki kuna mikondo kadhaa yenye kasi tofauti, na kila mmoja unauvuta mshipi upande wake. Inzi anayeburutwa, hata kwa upana wa kidole, ni uongo ambao trauti wa porini huutambua mara moja. Mvuvi huinua mshipi na kuulaza upya juu ya mkondo, tena na tena, huku akitazama mahali uzi unapozama, na ukisimama au ukisogea kidogo bila sababu, huinua ufito. Wakati mwingine ni jani. Wakati mwingine ni samaki wa kahawia wa robo kilo, ambaye ndiye wa kawaida kwetu, na ambaye atakimbilia mizizini kabla hujafikiri. Wakubwa zaidi wapo, lakini mto wa mlimani hauna chakula cha kuwakuza wengi, na anayetaka samaki wa kilo mbili na afuate mabwawa na maziwa madogo ya Mlima Kenya kama Rutundu. Sisi tuliokuja Mathioya tumekuja kwa ajili ya samaki mdogo aliye kamili.

Kanuni zetu za kumshika ni chache na ninazitetea zote. Kimwiba cha ndani cha ndoano hubanwa kwa koleo ili ndoano itoke bila kurarua. Mikono hulowanishwa kabla ya kumgusa, kwa kuwa mkono mkavu huuondoa ute unaomkinga na magonjwa. Samaki hubaki majini ndani ya wavu, hafungwi pumzi kwa ajili ya picha, na huelekezwa penye mkondo hadi aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Wako wanachama wanaotaka kila samaki aachiliwe bila ubaguzi. Mimi naona kwamba kumla mmoja mara moja moja, amekaangwa kwa siagi kando ya meko ile, humkumbusha mvuvi kwamba anashughulika na uhai wala si mchezo mtupu.

Nimewataja inzi, na siwezi kuwaacha bila kuwataja wanaowatengeneza. Kenya ni mojawapo ya nchi zinazofunga inzi wengi wa kuvulia kwa mkono kwa ajili ya soko la dunia, na wafungaji wengi ni wanawake wanaokaa mbele ya vishikizo vidogo vya chuma wakiizungushia ndoano nyuzi na manyoya ya jogoo. Inzi hao husafirishwa hadi Uingereza na Marekani, na huuzwa kwa wavuvi ambao pengine hawajui walitoka wapi. Nilikutana na mama mmoja aliyefanya kazi hiyo miaka mingi, mwenye vidole vyepesi kuliko nilivyowahi kuona, akaniambia kwamba hajawahi kumwona trauti akiwa hai. Wakati huo klabu zilizo mwendo wa saa chache kutoka alipokaa zilikuwa zikiagiza inzi kutoka Ulaya. Tangu hapo sinunui inzi ambaye sijui amefungwa na nani, na nimewaomba wenzangu wafanye hivyo.

Lakini uzuri wote huu unategemea mambo yaliyo nje ya kambi. Chini ya msitu, pale yanapoanza mashamba, kuna mkanda wa chai uliopandwa na Shirika la Maeneo ya Chai ya Nyayo, lililoanzishwa mwaka 1986 ili mkanda huo uwazuie watu kuendelea kuukata msitu. Uzio wa umeme unaoizunguka hifadhi ya Aberdare, wenye urefu wa takriban kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009, na wakulima wa upande wetu wanasema ndovu hawashuki tena mashambani kama zamani. Hizo ni kazi kubwa kuliko chochote ambacho klabu ya wavuvi ingeweza kufanya, na zimewaokoa trauti bila kuwakusudia.

Upande mwingine wa hesabu ni kiu ya jiji. Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 katika kaunti yetu hii hii, na handaki la urefu wa kilomita 11.8 limechimbwa chini ya vilima ili kuyachukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka huko. Mimi naishi Nairobi na ninayanywa maji hayo, hivyo siwezi kuyazungumzia kwa hasira ya mtu asiyehusika. Ninachodai ni kwamba mto unaopunguzwa uachiwe maji ya kutosha msimu wa kiangazi, kwa sababu mto wenye maji haba hupata joto haraka, na kwa trauti joto ni kifo. Upande wa magharibi wa Mlima Kenya somo hili linajulikana kwa uchungu: mito kama Naro Moru, Burguret na Nanyuki hutoka mlimani ikiwa baridi na safi, kisha huchukuliwa na mabomba ya mashamba mengi kiasi kwamba sehemu zake za chini zimewahi kukauka kabisa wakati wa kiangazi.

Ndiyo maana klabu yetu imejiunga na chama cha watumiaji wa maji cha bonde letu, mojawapo ya vyama vilivyowekewa msingi na Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ninaona hiyo kuwa hatua ya maana kuliko zote tulizowahi kuchukua. Tuna kipimajoto mtoni na tunaandika vipimo vyake katika daftari lile lile la samaki, kisha tunavipeleka kwenye mikutano, ambako wakulima wa chai, wenye ng'ombe wa maziwa na wenye mabomba hukaa pamoja. Mkulima anayelalamika kwamba maji yamekuwa na tope na mvuvi anayelalamika kwamba samaki wamepungua huwa wanalalamikia jambo moja, yaani ukingo uliolimwa hadi majini.

Wako wanaopinga kwamba trauti hastahili utetezi huu kwa kuwa ni mgeni, na hoja yao ina uzito. Trauti wa kahawia na wa upinde wa mvua wote wamo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani iliyotolewa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, na trauti wa mito yetu hula wadudu wa majini, kaa na viluwiluwi vya vyura ambavyo havikumzoea adui wa namna hiyo. Jibu langu ni kwamba asipelekwe kwenye kijito chochote ambacho hajafika bado, hata kama kijito hicho kingekuwa kizuri kiasi gani kwa wavuvi. Kumwondoa alipokwisha kukaa zaidi ya karne moja sidhani kunawezekana bila kuutia mto sumu. Katika mito hii amekuwa mkaazi, na hali yake inatuambia habari za maji ambazo tungezijua kwa kuchelewa.

Linabaki suala la majirani. Wagikuyu wa zamani hawakula samaki, na mlinzi wetu ananiambia kwamba babu yake alimwona mzungu aliyesimama mtoni kutwa nzima kuwa mtu mwenye shida. Vijana wa leo wanakula, na baadhi yao huvua usiku kwa nyavu na minyoo, jambo ambalo kwa miaka mingi klabu nyingi zimelishughulikia kwa kuwaita wezi na kuwaitia askari. Kwa mto ambao Katiba inasema ni wa umma, neno hilo linanisumbua. Wavu unaomaliza kilindi kizima ni madhara ya kweli, na aliyeuweka lazima azuiwe. Lakini ni vigumu kumwambia kijana aliyezaliwa hatua chache kutoka majini kwamba njia pekee halali ya kuyafurahia ni ada ya uanachama inayozidi mapato ya mama yake ya chai.

Katika mkutano wetu wa mwisho nilipendekeza kwamba wakaazi wa vijiji viwili vilivyo karibu waruhusiwe kuwa wanachama bila ada ya kujiunga, wakifuata kanuni zilezile za ndoano na za kuachilia samaki, na kwamba klabu iwape ufito wa kuazima na mafunzo ya kurusha mshipi. Mjadala ulikuwa mrefu. Waliopinga walihofia kwamba mto mwembamba hauwezi kubeba wavuvi wengi, na hofu hiyo si ya bure, kwa hiyo tulikubaliana kwamba idadi ya wanaovua kwa siku moja ibaki ileile na zamu zigawanywe kwa wote kwa usawa, bila kujali nani anatoka Nairobi. Pendekezo lilipita. Maombi mawili yameshawasilishwa, moja likiwa la mjukuu wa mlinzi wetu, na yatajadiliwa kabla ya msimu wa kiangazi kuanza mwezi wa Januari; nimekubali kuwa mdhamini wa yote mawili.